Kutoka Pwani Hadi Timboroa: Mwongozo wa Msafara wa Hisani kwa Pikipiki

Ukitoka Mombasa kwa pikipiki ukielekea Eldoret, utapanda kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 2,750, kisha utashuka kidogo na safari itakuwa imekwisha. Kilele chake ni Timboroa, mji mdogo wa viazi, karoti, njegere na ukungu, ulio kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, kaskazini kidogo tu ya ikweta. Kituo cha reli cha hapo kiko mita 2,743 juu ya bahari, na kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa kituo kilicho juu kuliko vyote katika Jumuiya ya Madola. Wahandisi walioifikisha reli Eldoret mwaka 1924 iliwabidi waipindishe na kuipindisha tena ili garimoshi liweze kupanda. Wewe una lami, lakini mlima ni ule ule na hewa nyepesi ni ile ile.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kuifanya safari hiyo ya kilomita 800 hivi kwa ajili ya hisani. Wanabodaboda wenye Boxer na TVS wamo, na wenye pikipiki kubwa za wikendi wamo. Barabara haiwatofautishi. Isitoshe, msafara wa hisani wa Kenya usio na mwanabodaboda hata mmoja ni matembezi tu ya wenye nafasi.

Sahau habari ya saa 24

Wapenda safari ndefu duniani wana kipimo chao maarufu, kilichowekwa na Iron Butt Association ya Marekani: maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Anayefaulu na kuonyesha risiti zake za mafuta hupewa cheti. Humu nchini wapo wanaokitamani cheti hicho, na ukitazama ramani utaona kwamba hata Malaba hadi Mombasa na kurudi hadi Nairobi hakutimizi idadi hiyo. Ushauri wangu: msikifuate kwenye barabara hii, na zaidi ya yote msikifuate kwa jina la hisani.

Sababu ya kwanza ni jua. Mmarekani wa kaskazini akipanga safari yake mwezi Juni hupata saa 15 za mwanga au zaidi. Sisi tulio juu ya ikweta tunachomozewa na jua karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nalo hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, Januari hadi Desemba. Saa 24 za kwetu lazima ziwe na saa 12 za giza, hakuna mwezi utakaokupunguzia.

Na giza la barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba unalijua. Trela limeharibika katikati ya njia, halina taa, na alama ya hatari ni matawi ya miti yaliyotupwa lami hatua chache nyuma yake. Ndovu wanavuka Tsavo. Mkokoteni wa punda hauna hata kioo cha kurudisha mwanga. Trekta la mahindi linatoka shambani Cheptiret likiwa na taa moja, na huijui ni ya upande gani. Dereva wa gari dogo ana mabati ya kumkinga akigonga, wewe una koti.

Sababu ya pili ni usingizi. Watafiti walishapima: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 mfululizo hufanya makosa kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Na mwili una saa yake. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri hudai kulala, hata ukiunywesha kahawa. Miraa haifuti deni hilo, inalisogeza mbele tu, nalo hulipwa kwenye kona.

Kwa hiyo mwongozo huu unagawa safari katika siku mbili za mwanga mtupu: Mombasa hadi Nairobi, karibu kilomita 485, kisha Nairobi hadi Eldoret, karibu kilomita 310. Atakayesema huo si uvumilivu bado hajapanda Timboroa na mvua kifuani.

Mfano wa Kenya yenyewe upo. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, na uzio huo wa kilomita 400 hivi ulikamilika mwaka 2009. Mashindano hayo hayamtunuku mwenye kasi. Kila gari hupewa saa kumi kufikia vituo 13 porini, na mshindi ni aliyefika vyote kwa kutembea umbali mfupi zaidi. Waanzilishi walijua kwamba ukitangaza zawadi ya kasi utapata kasi, pamoja na yote yanayokuja nayo. Nanyi fanyeni hivyo: wekeni muda wa kufika kila kituo, usiwe wa mapema sana wala wa kuchelewa sana, na msitangaze kamwe nani alifika wa kwanza. Anayefika Nakuru dakika 40 kabla ya wakati aulizwe alipita wapi. Kushindana mbio kwenye barabara ya umma ni kosa la jinai hata kama fulana zenu zina picha ya mtoto mgonjwa.

Swali la mchangaji mwerevu

Kabla ya kununua hata plagi, jiandae kwa swali hili, maana litakuja: "Kwa nini msitume tu pesa ya mafuta hospitalini mkabaki nyumbani?" Ni swali la haki. Lijibu kwa hesabu.

Pikipiki ya cc 150 yenye afya huenda kilomita 40 hivi kwa lita. Kilomita 800 ni lita 20, na usisahau kwamba mtarudi, kwa hiyo ni 40. Pikipiki kubwa inaweza kula mara mbili ya hapo. Zidisha kwa bei ya petroli ambayo mamlaka ya EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi, ongeza malazi ya Nairobi na Eldoret, chakula, oili, na mafuta ya pikapu ya kuwasindikiza. Hiyo ndiyo gharama ya mpanda mmoja. Mimi hushikilia kanuni mbili. Kila mpanda ajilipie mwenyewe, ili shilingi ya mchangaji isiguse tangi la mtu. Na kila mpanda alete michango isiyopungua mara tano ya gharama yake, asiyeweza asipande. Afanye kazi nyingine katika kamati, nazo ni nyingi.

Mara tano si ndoto. Mwombe kila mchangaji ahadi kwa kilomita, si kwa saa wala kwa kasi. Watu 20 wakiahidi shilingi 5 kwa kilomita, kilomita 800 zinaleta shilingi 80,000. Ahadi ya namna hii ina faida moja zaidi: pikipiki ikikufia Emali, umeshavuna za hadi Emali, na hakuna anayekusukuma uendelee na tairi bovu.

Pesa zisipite kwenye simu ya mtu binafsi, awe mwenyekiti au pasta. Fungueni Paybill ya kikundi kilichosajiliwa, au tumieni mtandao wa kuchangisha kama M-Changa ambao huonyesha kila mchango ulipoingia. Bora kuliko vyote, mchangaji apeleke moja kwa moja kwenye akaunti ya taasisi inayosaidiwa. Watia saini wawe watatu na mweka hazina asiwe miongoni mwa wanaopanda, kwa sababu zitakazobaki siku mtu akivunjika mguu ni hasira na uchovu, na hesabu hazifanywi hivyo. Kuchangisha hadharani nako kunadhibitiwa na sheria. Pateni kibali kwanza ndipo mpitishe ndoo stendi ya Nakuru.

Sasa, mchangie nini? Hapa kila kikundi kina moyo wake, ila nina pendekezo. Barabara hii inagusa vituo vinne kati ya sita vya mikoa vya huduma ya taifa ya damu: Mombasa, Nairobi, Nakuru na Eldoret; vilivyobaki ni Embu na Kisumu. Panga zoezi la kutoa damu katika kila mji mnaopitia, mkishirikiana na kituo cha hapo wiki kadhaa mapema. Msafara unapoingia mjini na honi zake, watu hukusanyika wenyewe, na umati ndicho kitu ambacho wahudumu wa damu hukosa. Mtoaji anatakiwa awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa zaidi ya kilo 50 na afya njema. Damu anayoitoa, karibu mililita 450, inaweza kuishia kwa mwanabodaboda aliyegongwa wiki ile ile kwenye barabara ile ile. Pikipiki zinajaza watu katika wadi za mifupa nchini, na sioni ubaya pikipiki zikianza kulipa.

Angalizo moja ambalo halina mjadala: wapanda wenyewe wasitoe damu hadi siku ya baada ya kufika. Mtu aliyepungukiwa na nusu lita hapaswi kupanda mlima kwa pikipiki.

Kwa upande wa fedha, Eldoret ina Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo mizizi yake ni hospitali ndogo ya mwaka 1917, na ndani yake hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Hiyo ya watoto ilijengwa kwa michango iliyoongozwa na mwanariadha Toby Tanser, kwa hiyo hoja kwamba mbio na safari haziwezi kujenga ukuta imeshajibiwa pale. Andikieni hospitali mkiuliza wanahitaji nini, na mngoje jibu lao la maandishi. Vikundi vingi hununua kwanza na kuuliza baadaye, ndiyo maana kuna stoo za hospitali zenye viti vya magurudumu vilivyokosa vipuri na makatoni ya vitu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Chombo na makaratasi

Hapa sitakaa sana, fundi wako anajua. Badilisha oili, kaza na kupaka cheni mafuta, kagua sproketi, breki za mbele na nyuma, beringi za magurudumu, na taa zote pamoja na indiketa. Tairi lililokwisha mistari libaki nyumbani. Kila pikipiki yenye tyubu ibebe tyubu mbili, kwa maana pancha ya pili huja kabla gundi ya kwanza haijakauka. Cheni ipakwe tena Nairobi jioni, iwe ina sauti au haina.

Leseni iwe ya daraja linalohusika: A2 kwa pikipiki ya kawaida, A3 kwa anayebeba abiria au mizigo ya kulipiwa. Helmeti na koti la kuakisi mwanga si hiari. Helmeti yenye ufa, au iliyowahi kuanguka nayo mtu, itupe. Bima ya mtu wa tatu ambayo wengi wanayo hailipi mguu wako, kwa hiyo hakikisha umelipia bima ya afya ya SHA kabla ya safari, na kila mpanda abebe kadi ndogo shingoni yenye jina, kundi la damu, mzio wa dawa na nambari ya jamaa. Toeni taarifa kwa maafisa wa polisi wa trafiki wa kila kaunti mtakayopitia. Wekeni kwenye simu nambari 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Msipande kundi moja kubwa. Makundi ya watu watano au sita yanaweza kupitwa na basi salama. Mstari wa pikipiki 40 humlazimisha dereva wa basi aingie katikati yenu. Kila kundi liwe na kiongozi anayejua kona na mfunga msafara ambaye hampiti mtu yeyote, hata akimwona anakwenda kama kobe. Wengine wajipange upande wa kushoto na wa kulia wa njia kwa kupishana, sekunde mbili baina yao, nne mvua ikinyesha. Asiyezoea awekwe wa pili, nyuma ya kiongozi, kwa kuwa mkia wa msafara ndio hulazimika kukimbiza.

Siku ya kwanza: kupigana na upepo na joto

Ondokeni Mombasa jua linapochomoza. Mariakani, Samburu, Mackinnon Road: kazi ya asubuhi ni kuyaacha malori ya bandarini bila pupa. Baada ya Voi barabara inanyooka na hapo ndipo mkono wa kulia huanza kulewa. Fanya hesabu hii uiweke kichwani: katika kilomita 100, anayekwenda kilomita 110 kwa saa humtangulia anayekwenda 80 kwa dakika 20 tu. Chai moja ya gumzo hula 40. Ukitaka kufika mapema, fupisha vituo, usifungue mafuta.

Simameni kila baada ya saa moja na nusu, dakika kumi, hata kama hakuna aliyechoka. Maji yanyweke kidogo kidogo tangu alfajiri. Joto la Tsavo hukausha mtu bila yeye kuona jasho, kwa sababu upepo hulifuta. Maumivu ya kichwa Mtito Andei ni kiu.

Chakula cha mchana kiwe Makindu. Hekalu la Masingasinga la hapo, lililojengwa mwaka 1926 katika mji uliotokana na reli, huwapa wasafiri wote chakula bila malipo, dini yoyote, kabila lolote. Mkiwa msafara wa hisani mtaona haya kula bure. Kuleni. Vueni viatu, funikeni vichwa, acheni sigara na pombe nje kabisa ya ua, chukueni kile mtakachomaliza, kisha wekeni sadaka kwenye sanduku. Waarifuni mapema kama mko wengi. Sijui shule nyingine ya hisani iliyo kando ya lami yetu yenye umri mkubwa hivyo.

Kutoka Makindu hadi Nairobi ni kilomita 165 hivi, na saa ngumu ni ya mwisho: Athi River na Mlolongo, vumbi, malori, matatu. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway hairuhusu pikipiki, msijidanganye na kibao. Laleni upande wa mashariki au kusini mwa jiji ili asubuhi mshike Southern Bypass bila kupita katikati. Jioni hiyo hakuna sherehe. Kula, oga, paka cheni, lala saa tatu.

Siku ya pili: kuelekea Timboroa

Saa kumi na mbili na nusu muwe barabarani. Kutoka Rironi mna njia mbili za kushuka Bonde la Ufa. Ile ya chini inapita Mai Mahiu, kwenye kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ina mandhari, lakini ndiyo njia ya malori. Ile ya juu inapita Limuru na Kinale hadi Naivasha. Nachagua ya juu, si kwa uzuri wake: Kinale alfajiri ni baridi na ukungu, nayo itakuonyesha glavu zako zina thamani gani ukiwa bado karibu na maduka ya Naivasha na Nakuru. Anayetetemeka Kinale anunue kitu Nakuru. Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa Novemba 2025, kwa hiyo tarajieni michepuko, kokoto na lami iliyokwanguliwa, na muongeze saa nzima kwenye ratiba.

Nakuru mko mita 1,850 hivi. Ndani ya kilomita 90 zijazo mtapanda mita 900. Vaeni hapa, nguo za baridi zote, hata jua likiwaka na mwenzako akicheka. Mwili uliokwisha kupoa hauwezi kupashwa moto na koti. Koti hutunza joto lililopo, halitengenezi jingine.

Wanabodaboda wa Burnt Forest na Timboroa wana ujuzi ambao hauuzwi dukani: gazeti lililokunjwa likawekwa kifuani chini ya koti, au kipande cha katoni, huzuia upepo kuliko sweta mbili. Vidole navyo, vaa glavu nyepesi ndani ya glavu nene, na ukikosa, mfuko wa plastiki katikati yake utakufaa. Nguo ya mvua ivaliwe juu ya yote kabla ya tone la kwanza. Upepo ndio adui kuliko hewa yenyewe: nyuzi 10 za kipimajoto, ukiwa unakwenda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huzihisi kama nyuzi 4.

Baada ya Nakuru mtapita Salgaa, Migaa na Sachangwan. Hapa panahitaji heshima. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 110. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Tatizo la mteremko huo lilikuwa malori yanayoshuka kuelekea Nakuru yakiwa gia huru ili kuokoa dizeli, hadi breki zinapoungua. Baadaye ukuta wa kutenganisha pande mbili ulijengwa, na sasa wewe unayepanda hukutani nao uso kwa uso. Kilichobaki upande wako ni malori yanayopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, moshi mweusi unaoziba macho, na dizeli iliyomwagika konani. Shika katikati ya njia ya tairi, si mahali malori huchuruzisha oili. Na mkiona lori la mafuta limelala, msisimame kusaidia wala kutazama. Geuzeni, kaeni mbali, pigeni simu.

Kuanzia Mau Summit chombo nacho kitaanza kulalamika. Hewa ya mita 2,750 ina shinikizo pungufu kwa zaidi ya robo kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya nguvu zake. Ya kabureta hupata petroli nyingi kuliko hewa: inakohoa, inatoa moshi, plagi inakuwa nyeusi. Usimruhusu fundi wa njiani abadilishe jeti kwa ajili ya mlima wa saa moja. Shuka gia, usibane mafuta hadi mwisho, na itatulia ukishuka Eldoret. Yenye injeksheni hujirekebisha yenyewe. Kuhusu upepo wa matairi wengi hubishana bure. Ukipanda mlima geji husoma juu kidogo kwa sababu hewa ya nje imepungua. Baridi nayo hushusha hewa iliyo ndani ya tairi. Kutoka Mombasa yenye nyuzi 30 hadi Timboroa yenye 8, mambo hayo mawili yanakaribia kufutana. Pima asubuhi Nairobi, tairi likiwa baridi, kisha uliache.

Kwenye kibao cha ikweta kabla ya Timboroa kila mtu atataka picha. Sawa, lakini pikipiki zote zitoke kabisa kwenye lami, maana magari ya watalii nayo husimama hapo bila mpango. Dakika kumi, basi.

Lengo ni kupita Timboroa kabla ya saa nane mchana. Nyanda hizi mvua yake hupenda alasiri, mara nyingine na mawe, na ukungu unaweza kushuka hadi usione tairi la aliye mbele. Mkikutwa na mawe ya mvua, tafuteni kibanda. Ukungu ukifunga, washeni taa za chini, kwani za juu hurudi usoni, punguzeni hadi kilomita 40 au chini, na msisimame kamwe ukingoni mwa lami. Tokeni hadi kituo cha mafuta au uwanja wa duka.

Mji wenyewe wa Timboroa uwe kituo cha lazima, dakika 20, na kazi ya kiongozi ni kuwatazama watu wake machoni. Dalili za baridi iliyoingia mwilini ni hizi: vidole vinachelewa kwenye klachi, mtu anakosea gia alizozizoea, mabega yamepanda hadi masikioni, anajibu swali baada ya kimya. Anayetetemeka bado yuko salama kiasi. Aliyeacha kutetemeka huku bado ana baridi ndiye wa kuogopa. Huyo pikipiki yake inapanda pikapu, naye anaingia ndani ya gari na blanketi na chai ya maziwa yenye sukari. Asipewe pombe, inafungua mishipa ya ngozi na kuumwaga nje moto uliobaki. Mwambieni kila mpanda kabla ya safari, tangu Mombasa, kwamba kuingia kwenye gari hakumpotezei ahadi za kilomita alizokwisha kupanda, ili asije akajificha.

Kuleni viazi vya moto na mahindi ya kuchoma, mnunue karoti kwa wanawake wanaokimbilia magari. Gunia la viazi liende kwenye pikapu. Najua Boxer inaweza kulibeba, nimeona zikibeba na kitanda juu yake, lakini si leo.

Kutoka Timboroa hadi Eldoret ni kilomita 60 na ushei za mteremko laini kupitia Burnt Forest na Cheptiret, na ndiko watu huanguka. Akili imeshafika, mwili bado uko barabarani. Kiongozi apunguze mwendo hapa badala ya kuongeza, na matrekta yapewe nafasi, hasa kati ya Oktoba na Desemba wakati wa mavuno ya mahindi.

Kuhusu majira, chagueni Januari mwishoni au Februari. Mvua za Uasin Gishu huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba, tofauti na Pwani inayopumua mapema. Desemba ni ya mabasi ya Krismasi, iachieni mabasi.

Baada ya honi kunyamaza

Msikabidhi hundi ya kadibodi jioni ya kufika mkiwa mmesinzia. Laleni. Kesho yake, wapanda walioamka na afya waende kituo cha damu cha Eldoret na kukunja mikono, kisha wapumzike na wasiguse pikipiki hadi siku inayofuata. Siku hiyo hiyo ya kutoa damu ndiyo ya kukabidhi mchango, mbele ya mhasibu wa hospitali, kwa risiti.

Ndani ya wiki mbili, kila mchangaji apokee ujumbe mmoja: zilizoahidiwa ni kiasi gani, zilizoingia kiasi gani, zilizokwenda wapi, na chupa ngapi za damu zilipatikana katika kila mji. Ahadi ambazo hazijalipwa zitajwe jumla yake, bila majina. Kama kuna aliyeumia, semeni. Kikundi kitakachotuma ujumbe huo kitachangiwa tena mwakani. Kisichotuma kisirudi kuomba. Na kama huna pikipiki, wala huna nia ya kupanda Timboroa na gazeti kifuani, kituo cha damu kilicho karibu nawe kinakungoja bila msafara wowote.